Nilivuka Meza

Mlioniacha wiki jana nimeduwaa nje ya gereza la kaunti, mfuko wa soksi mkononi, habari ni kwamba soksi zenyewe walizikataa. Mwanangu Kendrell bado yumo ndani. Hakimu bado hajamwita. Kesi ni ile ile ya injini ya boti aliyosingiziwa kuiba, yeye ambaye hata kuogelea hajui.

Kwa wanaoanza nami leo: naitwa Otha Magee. Kiwanda cha kambare kilinipunguza wakati wa baridi. Mke wangu akaenda Memphis kumsalimia dada yake, na salamu hizo hazijaisha mpaka leo. Kisha wakaja kumchukua kijana. Nikadhani mkosi umenichoka, kumbe ulikuwa unavuta pumzi tu.

Yaliyopita niliyatendewa. Ya wiki hii niliyatenda mwenyewe, na sitaki mtu anihurumie.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya mchujo, uchaguzi wa vyama kuteua wagombea wao. Baada ya ibada, akina mama wakipakua kuku, Shemasi Hosea Ruffin alinishika mkono akanivutia stoo ya jiko la kanisa na kufunga mlango.

"Ndugu Otha, unamwombea mwanao?"

"Kila siku, Shemasi."

"Basi Jumanne mwombee kwa miguu. Vuka."

Nilimwelewa mara moja. Kwetu Mississippi, siku ya mchujo, kwenye kituo cha zimamoto huwekwa meza mbili. Ya kushoto ni ya Demokrati, na huko ndiko sisi weusi wa kaunti yetu tunakokwenda. Ya kulia ni ya Ripablikani, na huko wanakwenda wazungu. Karatasi unaijaza kwa siri, lakini meza unayoiendea inaonwa na kila mtu. Ukichukua karatasi ya meza moja, ya pili huipati. Kuiacha meza yako ukaenda ya wenzako ndiko tunakokuita kuvuka.

"Mezani kwetu hatuna hata mgombea wa usherifu," alisema Shemasi. "Atakayeshinda kwao Jumanne ndiye sherifu. Ni Stegall au Haddon. Unataka nani ashike funguo za chumba anacholala Kendrell?"

Royce Stegall ndiye mkuu wa gereza. Chini yake vijana wawili wameingia wakitembea, wakatolewa kwa mlango wa nyuma wamefunikwa shuka. Lamar Haddon ni askari mstaafu wa wanyamapori, mzungu mpole, mvivu kidogo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa wake.

"Na dada yangu je?" niliuliza.

"Dada yako anashinda. Hahitaji kura yako. Haddon anaihitaji."

Dada yangu Lutricia alikuwa anagombea udiwani, kwenye meza yetu ya kushoto, na kwao hakukuwa na mgombea wa kiti hicho. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Elroy Pickens, mwenye kampuni ya mazishi; wa tatu alikuwa mtu asiyejulikana. Madiwani ndio wanaopitisha pesa za gereza. Lutricia alishasimama mbele yao mara nyingi kuuliza wale vijana walikufa na nini, na kila mara akaambiwa akae chini. Mara ya mwisho akawajibu kwamba atakaa, ila kwenye kiti chao.

Na aliyewazika wale vijana, kwa mkataba wa kaunti, ni huyo huyo Pickens.

Jioni nilikwenda kwa Lutricia. Alikuwa barazani, beseni la kunde mapajani, anamenya.

"Shemasi amekwambia uvuke," alisema kabla sijakaa.

"Umejuaje?"

"Umekuja na uso wako wa kuomba ruhusa. Hebu keti, unaniziba upepo."

Nikaketi.

"Ni mwanangu, Lutricia."

"Na mimi je, ni mpita njia? Nani alimwogesha siku ya kwanza, mama yake akiwa hajiwezi na wewe umezirai ukumbini?"

"Sikuzirai. Niliteleza."

"Uliteleza ukafumba macho nusu saa."

Siku nyingine ningecheka. "Stegall akipata usherifu, Kendrell hatoki mle," nilisema. "Haddon ni afadhali."

"Sherifu anashika funguo, Otha. Diwani anashika mfuko. Mwenye funguo akijua kuna mtu anamchungulia mfukoni, atatia adabu. Ndiyo kazi ninayoiomba. Nikiipata, naingia mle gerezani kwa mlango wa mbele na hakuna wa kuniambia nikae."

"Utaipata tu. Kura yangu moja haiwezi..."

"Wewe si kura moja! Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ukivuka wewe, watu watasema hata kaka yake amevuka. Nyuma yako kutakuwa na foleni."

"Namwogopa Stegall, dada. Ndiyo hivyo tu. Namwogopa."

Aliweka beseni chini. "Unampenda Haddon?"

"Simpendi wala simchukii."

"Haya. Kura yako unampa usiyempenda, kwa ajili ya unayemwogopa. Anayekupenda umemwekea nini?"

Nilinyoosha mkono nikachukua kunde mbichi, akanipiga kofi vidoleni kama zamani.

"Niahidi utakaa mezani kwetu."

"Nakuahidi."

Na nilikuwa nasema kweli. Nilirudi nyumbani moyo mweupe, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu kijana achukuliwe.

Jumatatu, gari la kaunti likaingia uani kwangu.

Nilikuwa kivulini nafungua mashine ya kukatia majani ya jirani, kazi ndogo ndogo za kunitoa mwezi. Stegall hakushuka. Aliteremsha kioo, anatafuna mbegu za alizeti, maganda anayatemea kwenye ardhi yangu.

"Otha."

"Bwana Stegall."

"Kijana wako hajambo. Amekonda kidogo, lakini joto hili nani hakondi?"

Nilikaza spana mkononi.

"Nasikia kanisani kwenu kuna watu wanataka kututembelea mezani kesho."

"Sijasikia hilo, Bwana Stegall."

"Hujasikia!" Akacheka kwa raha. "Basi nakwambia kwa wema. Msije. Ile si meza yenu. Kaeni kwenu, mpige kura zenu, kila mtu abaki na amani yake. Mimi nitakuwepo pale asubuhi. Napenda kuona watu wanaojua kwao."

Akatema ganda la mwisho, akarudisha gari nyuma taratibu, akaondoka.

Halafu ikaja hasira, na hasira ikaniletea fikra nikaiona ni ya busara. Nilijiambia: huyu mtu anaogopa. Kama kura zetu hazimuumi, amekuja kufanya nini uani kwangu? Asingejisumbua kunikataza jambo lisilomdhuru.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi Otha, mwenye akili zangu.

Nilimpigia Shemasi nikamwambia navuka. Akasema Mungu anibariki, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. Nikawapigia binamu zangu. Nikawapigia wanawake niliofanya nao kazi kiwandani. Nikawapigia wanakwaya. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile.

"Na Lutricia je?"

"Lutricia ameshashinda," nikasema. "Hahitaji kura zetu. Tumsaidie Kendrell."

Nililisema mara nyingi hata nikaliamini kabisa. Kwake yeye mwenyewe sikupiga.

Jumanne jua liliwaka kama lina kisasi. Gari la zimamoto walikuwa wamelitoa nje kwenye majani, na ndani meza mbili zinatazamana. Lutricia alisimama ng'ambo ya barabara, mahali sheria inaporuhusu wagombea, kofia yake ya kanisani kichwani, anasalimia watu kwa majina. Aliponiona akanipungia mkono. Upande wa pili Stegall ameegemea pikapu, kikombe cha kahawa mkononi.

Nikapita katikati yao nikaingia.

Meza ya kushoto alikaa Bi Earnestine Tubbs, aliyenifundisha Biblia nikiwa sijaota meno ya mbele. Alishaniona mlangoni na kalamu ameiweka tayari.

"Otha, mwanangu, karibu. Sogea hapa kwenye feni."

"Asante, Bi Earnestine. Leo naelekea kule."

"Kule wapi?"

"Kule."

Aligeuka akaitazama ile meza nyingine, akanirudia mimi. Masikio yake mazito, na mwenye masikio mazito hajui kunong'ona. "Kwa wazungu? Na dada yako amesimama juani hapo nje?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani sakafu ipasuke.

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Nakiri mbele yenu. Ilikuwa hatua chache tu, na yule mama alikuwa bado ameshika kalamu. Akilini nilimwona Kendrell na shingo yake iliyokonda, nikasikia maganda ya alizeti yakidondoka uani, nikaenda kulia.

"Una hakika, mpenzi?" aliuliza mama wa kizungu kwa upole. "Hii ni meza ya Ripablikani."

"Nina hakika, mama."

Nilipokuwa naweka sahihi nikasikia viatu nyuma yangu. Binamu yangu, mkewe, wanakwaya, wanawake wa kiwandani. Mstari wa kushoto ulikuwa unapungua na wa kulia unarefuka. Foleni ilikuwa nyuma yangu.

Nilimpigia Haddon kura, nikatoka.

Lutricia alinitazama kutoka ng'ambo. Nadhani mtu alishamwambia. Hakunipungia tena, alishika tu ukingo wa kofia akaishusha kidogo machoni. Stegall aliniinulia kikombe chake cha kahawa, anatabasamu. Nikadhani ni tabasamu la mtu aliyeudhika.

Matokeo tuliyasikilizia redioni, sebuleni kwa Lutricia. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Hakunifukuza. Alinipa chai baridi, akaketi kiti cha mbali.

Wakaanza na usherifu. Stegall alimzika Haddon. Kura za Haddon zilikuwa chache mno, na nilipozisikia nikaanza kuziwekea sura: binamu yangu, mkewe, wanakwaya, wanawake wa kiwandani. Zilikuwa ni sisi watupu. Wazungu wenzake, wale wanaovua naye samaki, wanaosali naye, hakuna aliyempa.

"Mbona hawakumpigia mtu wao?" niliuliza.

Lutricia aliongeza sauti ya redio. Walikuwa wamefika kwenye udiwani.

Aliongoza. Alimpita Pickens na yule mgombea wa tatu ambaye hata jina lake watu hawalijui. Lakini nusu ya kura, ambayo sheria inaitaka ili ushinde, hakuifikia, zilipungua kidogo tu. Mtangazaji akasema Lutricia Magee na Elroy Pickens watarudi kwa duru ya pili baada ya wiki tatu.

"Wiki tatu si nyingi!" niliruka. "Tutakupigia wote. Nitawapigia simu mmoja mmoja, nitawaleta kwa pikapu yangu."

"Otha."

"Nitawabeba mgongoni ikibidi!"

"Otha, keti." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Aliyechukua karatasi ya meza ya kulia haruhusiwi kurudi ya kushoto kwenye duru ya pili. Ndiyo sheria. Aliyevuka amevuka."

Niliijua sheria hiyo. Kila mtu wa kwetu anaijua. Sikuifikiria hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba duru ya pili haitakuwepo.

"Wote uliowapigia simu wamefungiwa nje," alisema. "Na wewe. Mngekaa mezani kwenu, saa hizi mimi ni diwani."

Nililia, sina haya kusema. Alinitazama nikilia, kisha akauliza, "Shemasi ndiye aliyekwambia. Yeye nani alimwambia?"

Kesho yake tulikwenda kwa Shemasi Ruffin. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya nyama ya kukaanga imejaa nyumba. Mezani jikoni kijana anakula uji wa mahindi kwa pupa. Nilipomtambua nusura nipige kelele za furaha. Ni Javaris, mjukuu wa Shemasi, aliyekamatwa wiki moja na mwanangu.

"Javaris! Umetoka lini?"

"Jana, mzee."

"Kendrell je? Mlikuwa chumba kimoja. Hajambo?"

Aliweka kijiko chini. Hakuninyanyulia macho. Akaondoka mezani, akaingia chumbani akafunga mlango, na sahani yake ilikuwa bado nusu.

Shemasi alisimama kwenye sinki ametupa mgongo.

"Hosea," alisema Lutricia, bila ushemasi wala undugu. "Nani alikuja hapa?"

"Haddon."

"Peke yake?"

"Stegall alikuwa garini."

"Walikuja pamoja? Wapinzani?"

"Hawakuwa wapinzani, Ndugu Otha. Haddon ameahidiwa unaibu. Wazungu wenzake aliwaambia wote wampigie Stegall. Tusioambiwa tulikuwa sisi tu." Aligeuka, uso umemwiva. "Stegall hakuwahi kumwogopa Haddon. Alikuwa anamwogopa huyu." Akamnyooshea Lutricia kidole. "Kura zenu hakuzihitaji kwake. Alitaka zitoke tu pale zilipokuwa."

"Na pale alipokuja kwangu kunikataza?"

"Alisema Otha ukimkataza ndiyo atakwenda."

Nilimkwida kola. Mzee wa watu, aliyenibatizia mtoto, nilimkwida kola nikamgonganisha na kabati, vikombe vikalia.

"Uliniambia nimwombee mwanangu kwa miguu! Ulijua!"

"Nilijua." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujaribu kuyafuta. "Mjukuu wangu yuko chumbani humo, mzima, anapumua. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Mwache," Lutricia aliniambia. "Otha, mwache. Twende."

Tulikaa ndani ya pikapu bila kuwasha. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia dada yangu, na kila nililoliokota lilikuwa dogo. Ndipo simu yangu ikalia, namba ya gereza.

Niliiweka spika, nikaitua katikati yetu. Ile sauti ya mashine ikatuonya kwamba mazungumzo yanarekodiwa, kisha akaingia Kendrell.

"Baba."

"Mwanangu! Hujambo? Unakula?"

"Sijambo. Baba, sina muda. Bwana Stegall amesimama hapa. Ndiye aliyeniruhusu nipige. Anasema asante kwa kumtembelea mezani."

Lutricia alifumba macho.

"Anasema nikupe ujumbe, nisibadilishe neno." Akaanza kusema polepole, kama mtoto anayesomeshwa darasani. "Shangazi Lutricia amefanya kazi sana. Wiki hii atangaze kwamba anapumzika. Akipumzika, mimi narudi nyumbani kula kwa baba yangu."

"Na asipopumzika?"

Nilisikia ameziba simu kwa kiganja. Nikasikia sauti nzito ikimjibu, haina haraka.

"Anasema, asipopumzika yeye, nitapumzika mimi." Halafu akaongea kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mwanangu. "Baba, ana maana gani? Anataka jibu sasa hivi. Baba?"

Nilimgeukia dada yangu. Alikuwa amefumbua macho na ananitazama kwa utulivu, hata chozi hana.

"Mjibu wewe," alisema. "Kura zangu si wewe unayeziamulia?"

"Baba?" aliita Kendrell. "Upo?"

Nikainama kwenye simu.